Jinzi za kisasa kwa mfuko mdogo: anza na futi kamba, siyo duka

Kazi yangu ni kurekebisha nguo, na hakuna nguo inayopita kwenye cherehani yangu mara nyingi kuliko jinzi. Mteja akija na picha kwenye simu akiuliza atapata wapi suruali kama ile, mimi humwuliza nyumbani ana zipi. Mara nyingi tofauti kati ya jinzi aliyoichoka na ile ya kwenye picha ni sentimita chache tu. Kitambaa ni kilekile: pamba iliyofumwa mshazari, nyuzi za urefu za buluu na za upana nyeupe. Levi Strauss na Jacob Davis walipata hataza ya kuimarisha mifuko ya suruali za kazi kwa ribiti, zile pini fupi za metali kwenye kona za mifuko, mwaka 1873, na hadi leo ukishika jinzi utazikuta ribiti hizo zipo. Kinachokuja na kuondoka ni umbo, na umbo linapimika.

Hatua ya 1: Pima jinzi inayokukaa vizuri kuliko zote

Siyo mpya kuliko zote. Ile ambayo mkono unaikimbilia bila kufikiri. Ifunge kifungo na zipu, itandaze mezani, ilainishe mikunjo kwa kiganja, kisha andika vipimo vitano kwenye simu:

- Kiuno: ukingo hadi ukingo, zidisha kwa mbili.
- Kimo cha mbele: kutoka msamba, pale mishono minne inapokutana, hadi juu ya mkanda wa kiuno.
- Paja: upana chini kidogo ya msamba.
- Upana wa chini: ukingo hadi ukingo kwenye pindo.
- Urefu wa ndani: msamba hadi pindo.

Usishangae lebo ya kiuno ikisema 32 na futi ikasoma inchi 34. Viwanda vingi hupunguza namba ili mteja ajione mwembamba. Kuanzia leo namba ya lebo isikusumbue, hasa unaponunua mtandaoni. Mwombe muuzaji vipimo hivyo vitano. Akikataa kupima, pita.

Hatua ya 2: Soma mtindo kwa sentimita

Chukua mitindo yoyote ya miaka hamsini iliyopita utaona ni vipimo viwili vinavyopanda na kushuka. Bugaluu za miaka ya 1970 zilibana gotini zikafunguka chini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kimo cha mbele kilishuka hadi mkanda ukakaa kwenye nyonga. Miaka ya 2010 modo ikatawala, mguu umebana hadi kifundoni. Miaka ya 2020 miguu ikapanuka tena na wenye modo wakajiona wazee ghafla.

Kwa makadirio yangu, kimo cha mbele cha sentimita 18 hadi 20 ni kiuno cha chini, 23 hadi 25 ni cha kati, na 28 kwenda juu ni kiuno cha juu. Upana wa chini wa 13 hadi 15 ni modo, 18 hadi 21 ni mguu wa kunyooka, na 25 kwenda juu ni mguu mpana. Ukiiona picha usiseme "nataka ile". Sema inataka chini pana na kiuno cha juu, halafu angalia vipimo vyako uone unakosa nini hasa.

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea au kuokolewa. Mguu mpana fundi anaupunguza kwa muda mfupi. Mwembamba kuupanua inabidi utie kitambaa kingine pembeni. Vijana wa enzi za bugaluu walifanya hivyo, walipasua mshono na kutia kipande cha pembetatu, na inapendeza, lakini kila mtu ataona. Kimo cha mbele ndicho sikigusi kabisa: ukikibadilisha unavuruga zipu, mifuko na msamba kwa mpigo. Kwa hiyo chagua kimo kinachoufaa mwili wako, paja lenye nafasi, na mguu uwe mpana. Jinzi moja ya namna hiyo inaweza kuwa pana mwaka huu, ya kunyooka baadaye, na kaptula ikifika uzeeni.

Hatua ya 3: Kagua mtumba kama fundi

Jinzi iliyokwisha kuvaliwa ina faida ambayo mpya haina: imeshafuliwa, imeshanywea, na rangi yake unaiona ilivyo. Jinzi mpya ya pamba tupu ambayo kitambaa chake hakikufanywa kinywee kiwandani inaweza kupoteza hata asilimia 7 ya urefu ikiingia majini.

Anza na msamba. Igeuze jinzi ndani nje, ingiza mkono mguuni, inua sehemu ya ndani ya paja uelekeze kwenye mwanga. Nuru ikipenya kama kwenye chujio, nyuzi za buluu zimekwisha na zimebaki nyeupe. Suruali hiyo itapasuka utakapochuchumaa, hata kama kwa nje inang'aa. Wauzaji hukunja jinzi vizuri sana, mapaja yakiwa ndani, kwa hiyo ikunjue.

Pili, soma lebo ya kitambaa. Pamba asilimia 98 au 99 na elastane kidogo, yaani nyuzi zinazovutika kama mpira, ni sawa. Elastane ikipita asilimia 3 mimi huwa na shaka, kwa sababu mpira huchoka kabla ya pamba. Ukikuta lebo imekatwa, vuta kitambaa cha gotini kwa mikono miwili kisha uachie. Kikirudi papo hapo, mpira uko hai. Kikibaki na tumbo, magoti yako yatabaki hivyohivyo kila ukisimama.

Zipu ivute mara kadhaa. Mbovu si sababu ya kuacha jinzi nzuri, ni sababu ya kuomba ipunguzwe bei. Kifungo kilichong'oka, vivyo hivyo. Harufu ya ukungu isiyotoka, au madoa ya kutu kuzunguka ribiti, acha.

Hatua ya 4: Rekebisha kidogo

Ifue kwanza, hata mara mbili kama ni mpya, ndipo upime urefu ukiwa umevaa viatu utakavyovitumia nayo.

Kufupisha bila kupoteza pindo la kiwandani, lile lenye mawimbi ya rangi iliyopauka, ni rahisi kuliko linavyoonekana. Tuseme unataka kupunguza sentimita 6. Kunja mguu kwa nje, halafu pima kutoka mstari wa uzi wa pindo hadi kwenye mkunjo: iwe 3, yaani nusu, kwa sababu kitambaa kimejikunja mara mbili. Tia pini kuzunguka. Shona ukiukaribia uzi wa pindo la zamani kadiri uwezavyo, bila kulipanda. Rudisha pindo chini, piga pasi yenye mvuke, mshono mpya utajificha. Kitambaa kilichozidi ndani unaweza kukikata au kukiacha, siku mitindo ikirefuka ufumue. Njia hii inafaa mguu wa kunyooka. Kwenye mguu uliosinyaa sana au uliofunguka kama bugaluu mapana hayalingani na kitambaa kitakunjamana.

Kupunguza upana, tafuta mshono usio na nyuzi mbili zinazoonekana kwa nje. Kwenye jinzi nyingi ni ule wa ubavuni. Anza gotini ushuke, na usiondoe zaidi ya sentimita 2 au 3 upande mmoja, la sivyo mguu utajisokota ukitembea. Kiuno hupunguzwa nyuma katikati. Ukizidisha sentimita 5 mifuko ya nyuma inakaribiana na kuonekana kama macho ya makengeza.

Hatua ya 5: Juu na chini vikubaliane

Jinzi pana inataka fulana fupi, au ndefu iliyochomekwa. Jinzi nyembamba inavumilia shati kubwa. Kitu kimoja cha mtindo kwa siku kinatosha, vingine viwe vya kawaida: fulana nyeupe, raba safi, shati la jinzi lisilofanana rangi na suruali. Mtindo wowote mpya jaribu kwanza na nguo ulizonazo. Kukunja pindo, kwa mfano, hakugharimu kitu.

Kuhusu kufua sitasema mengi. Geuza ndani nje, maji baridi, anika kivulini. Siki na chumvi hazizuii jinzi kuchuja. Rangi ya buluu ya jinzi hukaa juujuu ya uzi na katikati hubaki peupe, ndiyo maana jinzi hupauka pale inaposuguliwa. Moto wa mashine ya kukaushia huua mpira haraka.

Vipande ulivyokata mguuni viweke kwenye mfuko pamoja na vifungo. Msamba ukianza kuwa mwepesi usingoje utoboke: pachika kipande chepesi kwa ndani, kiwe kikubwa kuliko sehemu iliyochoka kwa vidole viwili kila upande, kisha pitisha mishono ya kwenda na kurudi kwa uzi unaolingana na rangi ya pale ilipopauka.