Jinsi ya kuotesha mtini kwa pingili

Wengi wanaoniuliza habari za mtini wameshapanda mbegu za tini kavu za dukani. Mche wa mbegu unaweza kuwa dume, ambao matunda yake hayaliwi. Hata ukiwa jike, zipo aina zinazoangusha matunda machanga yote asipoingia nyigu mdogo kuyachavusha. Kwa hiyo kata pingili kwenye mti ambao umeuona kwa macho ukiivisha pasipo nyigu, kama ile aina ya Brown Turkey.

Hatua ya 1: Kata. Hapa Dodoma mimi hukata Julai, mti ukiwa umepukutisha majani mengi. Chagua tawi lililokomaa, nene kama kidole, urefu sentimita 20 hivi, lenye macho manne, yaani vifundo vinapochipukia majani. Vaa glavu, kwa sababu utomvu wa mtini ukipigwa na jua juu ya ngozi huunguza hadi malengelenge. Ziache pingili kivulini siku moja utomvu ukauke.

Hatua ya 2: Panda. Jaza kiriba (mfuko wa kuoteshea miche) mchanga wa mto uliochanganywa na pumba za mpunga zilizochomwa. Samadi bado. Fukia macho matatu, moja libaki juu, kisha mwagilia mara moja tu na uweke kivulini.

Hatua ya 3: Subiri. Hapa ndipo miche mingi hufa, na mingi yangu ya mwanzo ilifia hapa. Baada ya wiki mbili au tatu utaona majani, utafurahi, utaongeza maji. Majani hayo yanakula akiba iliyomo kwenye kijiti, mizizi bado haijatoka! Maji mengi yataozesha pingili. Chomeka kidole, ukikuta unyevu acha. Usiing'oe kuchungulia.

Hatua ya 4: Hamisha baada ya miezi miwili au mitatu, kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini. Sasa weka samadi iliyooza vizuri. Kwenye udongo wa kichanga napendelea ndoo kuliko shimo, kwani minyoo fundo, vijinyoo vya udongoni vinavyovimbisha mizizi, huipenda sana mizizi ya mtini. Jua la kutwa nzima.

Tini nyingi hutoka kwenye machipukizi mapya, basi punguza matawi kila mwaka.

Tini haziivi zikishachumwa, tofauti na ndizi. Ngoja shingo ilegee, tunda liiname na kulainika. Livishe kipande cha chandarua kikuukuu mapema, kabla ndege hawajalitoboa.