Pawabenki ya kwenda nayo baharini: usiuziwe mchanga

Mjomba wangu ni nahodha. Akitweka tanga kwenda Kiwayu, hukaa siku tatu bila kuona soketi. Juzi alinijia hapa Lamu na pawabenki iliyoandikwa mAh 50,000 (miliampea-saa, kipimo cha chaji), nyepesi kama kipande cha sabuni, na simu yake haijajaa hata mara moja. Tukaanza upya.

Hatua ya 1. Angalia betri ya simu yako. Nyingi za sasa ni mAh 5,000, yaani Wh 19 hivi (wati-saa, kipimo cha nishati yote iliyomo).

Hatua ya 2. Hapa ndipo watu huliwa, na mimi nililiwa kabla ya mjomba. Achana na namba kubwa ya mbele. Geuza nyuma utafute Wh. Zile mAh huhesabiwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, ilhali simu hupokea volti 5 au zaidi, na katika kuzipandisha umeme mwingine huishia kuwa joto. Basi mAh 10,000 ni Wh 37. Ondoa kama asilimia 20, zabaki 30. Simu itajaa mara moja na nusu. Ukiona maandishi madogo yanasema mAh 6,000 kwa volti 5, usigombe: huyo ndiye msema kweli. Isiyo na Wh popote, irudishe.

Kisha ipime. Mimi huomba mizani ya sukari dukani, wacha wacheke. Seli moja, yaani betri ndogo ya ndani, ile ya mviringo ya kawaida, ina gramu 45 hadi 50, na nyingi nzuri hazizidi mAh 3,500. Kwa hiyo mAh 50,000 zataka seli 15 au zaidi, gramu 600 na ushee kabla ya kasha. Ya mjomba ilikuwa gramu 180! Lakini angalia: wepesi ni ushahidi wa uongo, uzito si ushahidi wa ukweli. Yangu ilikuwa nzito. Nilipoifungua, mlikuwa na seli moja na mfuko wa mchanga.

Hatua ya 3. Chukua yenye tundu la Taip-C la kuingiza umeme, wati 18 kwenda juu. Ya mAh 20,000 kwa wati 10 hula usiku kucha kujaa, na stima ikikatika umekwisha.

Zenye kipaneli cha sola mgongoni sizipendi. Kinatoa wati moja hivi, na jua lenyewe linaipika betri.

Hatua ya 4. Ukipanda ndege Manda, uwanja wetu wa Lamu, ibebe mkononi, isizidi Wh 100.

Baharini, iweke ndani ya kopo lenye kifuniko. Kebo ikirushiwa maji ya chumvi, ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikauke kabisa ndipo uchomeke.