Somo: Mkandarasi mwenye kampuni, ujilipe mshahara kiasi gani?

Swali hili nimeulizwa saiti, nimeulizwa kwenye foleni ya benki hapa Moshi, hadi msibani nimeulizwa. Kila mara najibu nusu kwa sababu muulizaji ana haraka. Leo naliandika lote. Nawaandikia hasa wenye kampuni ndogo za ujenzi, madaraja ya chini ya CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi), ambao mkurugenzi ndiye huyohuyo msimamizi wa saiti na dereva wa pikapu.

1. Hakikisha una kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni. Mwenye jina la biashara tu hana mshahara wa kujilipa. Anachochukua ni faida yake, na hakipunguzi kodi hata senti.

2. Akaunti ya benki ya kampuni iwe mbali na yako.

3. Wakurugenzi mkae, muandike muhtasari na kusaini: fulani ni mkurugenzi mtendaji wa kudumu, mshahara wake kiasi fulani, kuanzia mwezi fulani. Ambatanisha mkataba wa ajira. Mkurugenzi asiye wa kudumu, yule anayekuja vikaoni tu, ada yake hukatwa zuio la 15%, yaani kodi ambayo mlipaji anaikata kabla ya kulipa. Huyo haingii kwenye PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara kila mwezi.

4. Jua kila njia ya kutoa hela inakula kiasi gani. Hapa wengi wamepotoshwa na video za Uingereza. Kule kampuni ndogo hulipa kodi ya 19%, na gawio (faida wanayogawiwa wenye hisa) halikatwi bima ya taifa (michango yao ya hifadhi ya jamii), ndiyo maana wanashauriana kujipa mshahara mdogo na gawio kubwa. Kwetu hesabu inageuka. Kampuni ikipata faida ya 100, TRA inachukua 30. Ukigawa 70 iliyobaki, inakatwa zuio la 10%, yaani 7. Mkononi unapata 63.

Sasa tazama mshahara. Tanzania Bara, 270,000 ya kwanza kwa mwezi haina PAYE. Kinachozidi hapo hadi 520,000 ni 8%, hadi 760,000 ni 20%, hadi 1,000,000 ni 25%, na juu ya hapo ni 30%. Tena mchango wako wa 10% kwa NSSF, mfuko wa pensheni, unaondolewa kwanza, ndipo kodi inapigwa.

Chukua mshahara wa 1,500,000. NSSF yako ni 150,000, kwa hiyo kinachotozwa kodi ni 1,350,000. PAYE inakuja 233,000. Unapokea 1,117,000. Kampuni inaongeza NSSF 150,000 na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) ya 0.5%, ambayo ni 7,500. Jumla kampuni imetoa 1,657,500, na NSSF umewekewa 300,000 yenye jina lako. Ukitaka 1,117,000 hiyohiyo ije kama gawio, kampuni inahitaji faida ya takriban 1,773,000, na uzeeni hujawekewa chochote. Anayekwambia jiandikie 300,000 ili PAYE iwe sifuri, zinazobaki uvute kama gawio, mwombe akupigie hesabu hii mbele yako.

5. Tafuta kiwango chako. Usianze na matumizi ya nyumbani, wala usianze na mshahara wa jirani anayefanya kazi serikalini. Anza na hela ambayo kampuni ilibaki nayo kweli.

Tuseme mwaka jana ulifanya kazi za milioni 180. Ukitoa vifaa, mafundi, vibarua na kukodi mitambo, zimebaki milioni 36. Ofisi, mafuta, ada za CRB na mhasibu, milioni 12. Zimebaki 24. Mtu hapo anagawa kwa 12, anaona milioni mbili kila mwezi, anafurahi. Ngoja kwanza. Mteja ameshika retensheni (sehemu ya malipo anayoizuia kama dhamana ya kazi) ya 10%, yaani milioni 18. Nusu inarudi ukikabidhi kazi. Nusu nyingine, milioni 9, inasubiri kipindi cha matazamio, kile cha kurekebisha kasoro, kiishe. Kwa hiyo fedha iliyopo ni milioni 15, ambayo ni 1,250,000 kwa mwezi, na hiyo ni gharama yote ya kampuni, siyo mshahara ghafi. Mkandarasi huyu ningemwanzishia 1,000,000. Kampuni itatoa 1,105,000, yeye atapokea 797,000 baada ya NSSF na PAYE. Retensheni ikirudi, ajipe bonasi, nayo ipite kwenye PAYE kama mshahara.

Kisha jiulize: Machi hadi Mei masika ikikaza na hakuna hati ya malipo (ile inayoidhinisha ulipwe kwa kazi iliyofanyika) hata moja, kampuni italipa mshahara huu? Kama jibu ni hapana, shusha.

6. Malipo ya awali si mapato yako. Hatua hii iliniumiza, kwa hiyo someni polepole. Mteja anakupa 15% au 20% kabla hujachimba msingi. Akaunti inajaa, na wewe una miezi kadhaa hujajilipa, unaona sasa ni haki yako kujilipa ya nyuma yote. Hela hiyo ni deni. Atakukata kidogo kidogo kwenye kila hati hadi deni liishe lote, na juu yake bado anakata retensheni. Kwa hiyo hati ya kwanza na ya pili zinakuja nyembamba wakati ambapo nondo na saruji ndiyo zinakula zaidi. Ukishakula ya awali, utakopa duka la vifaa, na duka likikukopesha halikuuzii kwa bei ile ya taslimu.

Tahadhari tatu hapa. Mshahara usipande kwa sababu akaunti imejaa. Unapanda kwa muhtasari mpya tu. Malimbikizo ya mshahara yalipwe kutoka kwenye hati iliyoidhinishwa, kamwe si kutoka malipo ya awali. Na kama umesajiliwa VAT, ile 18% iliyoingia pamoja na malipo ni ya serikali, usiihesabu kabisa.

7. Lipa tarehe ileile kila mwezi, benki kwa benki, na uandike hati ya mshahara. PAYE ilipwe ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata. NSSF ni ndani ya siku 30 baada ya mwezi kuisha. Mkifika wafanyakazi 10, mnaongeza SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) ya 3.5%.

8. Mwaka ukifungwa na kodi ya kampuni ikalipwa, kama kuna faida na akaunti inabeba, toeni gawio. Kama haibebi, acheni.

MASWALI

Fundi Pasua: Mkuu kwa kifupi ni shilingi ngapi?

Jibu: Hatua ya 5.

Fundi Pasua: Nimesoma, ila kampuni yangu ni tofauti.

Jibu: Basi weka namba zako mahali pa zangu. Kazi za mwaka, gharama, retensheni. Ukizileta hapa nitakusaidia, bila namba siwezi kukupigia ramli.

Mama Himo: Shikamoo kaka. Mimi na mume wangu ndio wakurugenzi. Yeye yupo saiti, mimi natunza stoo, naandika mahudhurio ya vibarua na kufuatilia malipo. Naweza kulipwa mshahara na mimi?

Jibu: Marahaba dada. Unaweza, na unastahili. Tena mnapata nafuu ya haki: kila mmoja ana 270,000 yake isiyo na PAYE. Ukilipwa 300,000, NSSF ni 30,000, inabaki 270,000, kodi hakuna. Ila mshahara ufanane na kazi. Tunza daftari la stoo na karatasi za mahudhurio zenye mwandiko wako, hizo ndizo zitakazokutetea siku ya ukaguzi. Mke ambaye hajui hata saiti ilipo, mshahara wake utakataliwa kama gharama.

Mangi wa Kibosho: Hizi zote ni kujichosha. Mimi nachukua nikihitaji, mhasibu anaandika mkopo wa mkurugenzi.

Jibu: Mkopo unarudishwa lini, mangi?

Mangi wa Kibosho: Kampuni ni yangu, nijirudishie nini?

Jibu: Kampuni ni mtu mwingine kisheria, na ndiyo maana deni lake la nondo halijaja kuchukua shamba lako. Mkopo usiorudi, mkaguzi ana haki ya kuuliza kama ni mshahara au gawio lililofichwa, na hapo kodi inakuja na riba ya nyuma. Hata mkopo wa kweli, ukiwa wa riba ndogo, ile nafuu ya riba inahesabiwa kama sehemu ya mshahara wako. Unasalimika ukiwa wa chini ya miezi 12 na hauzidi mishahara mitatu ya msingi. Mtu asiye na mshahara, mara tatu ya sifuri ni ngapi?

Mjenzi wa Njiro: Nipo Arusha. Aprili na Mei huwa sina kazi kabisa. Niruke mishahara?

Jibu: Swali zuri. Usiruke kimya kimya. Andikeni muhtasari wa kushusha, hata hadi 300,000, kwa miezi hiyo. Sababu kubwa ni NSSF: pensheni ya uzeeni inataka michango ya miezi 180. Ukiruka miwili kila mwaka, miaka 15 inakuwa 18. Na benki ikiangalia taarifa yako ya akaunti kwa ajili ya mkopo wa nyumba, mshahara mdogo usiokatika unasomeka vizuri kuliko mkubwa wenye mapengo.

Mama Himo: Samahani kaka, swali la pembeni. Vibarua wanahesabiwa kwenye wale 10 wa SDL?

Jibu: Wahesabu. Ndiyo maana yale mahudhurio unayoandika yana thamani. Mwezi wa kumwaga zege mnaweza kuvuka 10 bila kushtuka.

Mjenzi wa Njiro: Mteja alinikata zuio kwenye hati. Linapunguza PAYE yangu?

Jibu: Hapana, hilo ni la kampuni. Kwenye ujenzi, zuio la 5% linapigwa kwenye sehemu ya huduma tu, ambayo huhesabiwa mafungu mawili kati ya matano, kwa hiyo ni kama 2% ya hati nzima. Linapunguza kodi ya kampuni mwisho wa mwaka, mradi una cheti. Kidai siku ileile unapopokea malipo. Mhasibu wa mteja akishahamishwa kituo, cheti hicho utakitafuta mpaka uchoke.