Masikio ya mwamuzi: ya kuandaa kabla ya kipenga cha kwanza

Kuna mwaka nilichezesha mashindano ya shule siku tatu mfululizo, netiboli asubuhi na kikapu jioni, yote ndani ya ukumbi mmoja wa bati. Usiku wa tatu nikamuuliza mwenzangu wa chumbani nani ameacha redio haijashika stesheni. Redio haikuwepo. Mlio ulikuwa masikioni mwangu, mwembamba kama wa nyenje, na ulikatika baada ya siku mbili. Nikaona yamekwisha, nikaendelea kupuliza miaka mingine. Siku hizi mtu akizungumza upande wangu wa kulia, "fika" na "shika" kwangu ni neno moja. Haya ninayoyaandika ni yale ambayo ningependa mtu aniambie kabla ya msimu ule.

La kwanza kulielewa ni kwamba anayeumizwa zaidi na kipenga ni anayekipuliza. Tumezoea kulaumu mashabiki, ngoma na vuvuzela, lakini hao wako mbali nasi. Kutoka midomoni hadi sikioni hakuna hata shubiri moja. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Michigan, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu waamuzi wa jimbo lao. Vipenga walivyovipima vilitoa sauti ya kati ya desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 104 na 116, na karibu nusu ya waamuzi walisema wamewahi kupata mlio masikioni baada ya kuchezesha.

Desibeli hazihesabiki kama shilingi. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3, muda huo unakatwa nusu. Ukifika 100 zimebaki dakika 15. Ukifika 115 zimebaki sekunde 28 tu, kwa siku nzima. Sasa chukua mchezo wenye mipulizo 60, kila mmoja nusu sekunde: hizo ni sekunde 30. Kwa kipenga kikali umeshamaliza posho ya masikio yako kwenye mchezo mmoja, na kwenye bonanza unapangiwa minne. Ndani ya sikio la ndani kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti, na vikishakufa kwa binadamu havioti tena. Kelele huanza kula vile vinavyopokea sauti nyembamba, kwenye mitetemo kama 4,000 kwa sekunde, na ndiyo maana herufi kama s, f na sh hutangulia kupotea huku sauti nzito ukiendelea kuzisikia. Mtu anajiona mzima kwa muda mrefu sana.

Kwa hiyo kabla ya msimu, kapime usikivu, hata kama husikii tatizo lolote. Hospitali kubwa zenye kitengo cha masikio, pua na koo wanafanya kipimo hiki. Unakaa kwenye chumba kimya, unavaa vipokea sauti, unabonyeza kila usikiapo mlio. Omba nakala ya mchoro wa matokeo yako, iandike tarehe, ihifadhi. Mchoro wa leo ndio utakaomwonyesha daktari mwakani umepoteza nini. Bila huo atakuwa anakisia. Hapo hapo mwombe anayekupima akuangalie nta ya masikio. Usiichokonoe kwa kijiti cha pamba, maana unaishindilia ndani.

Kisha tazama kipenga chenyewe. Vipenga vya zamani vina gololi ndani. Vya sasa, vile visivyo na gololi, vilienea baada ya Ron Foxcroft, mwamuzi wa kikapu wa Kanada, kukerwa na gololi iliyokwama akiwa kazini. Fox 40 yake iliingia sokoni mwaka 1987. Ni kifaa kizuri, hakikwami kwa mate wala mvua, lakini ile ya kawaida hutangazwa kwa desibeli 115. Uwanja wa wazi wenye watu elfu kadhaa unaihitaji nguvu hiyo. Ukumbi wa shule wenye kuta za saruji hauihitaji, kwa sababu sauti inagonga ukuta na kukurudia. Mimi sasa nabeba viwili: kikali cha nje, na cha sauti ya chini cha ndani. Kipo pia cha umeme, cha kubonyeza kwa kidole, ambacho unakishika mbali na kichwa. Kila umbali ukiongezeka maradufu, sauti hupungua kama desibeli 6. Ikiwa msimamizi wa mashindano anakikubali, kitumie bila aibu.

Vizibo vya masikio ndivyo vinavyoleta ubishi. Wenzangu wengi huniambia, "Nikiziba masikio nitamsikiaje mwenzangu?" Ni hoja ya haki. Vile vya sponji laini vinakata sauti nyingi na kuifanya iwe kama inatoka chini ya maji, kwa hiyo havifai sana katikati ya mchezo. Tafuta vile vya wanamuziki, vyenye kichujio, vinavyoshusha sauti zote kwa usawa, desibeli 15 hivi. Maneno yanabaki maneno, ila yameshuka. Pamba ya kawaida haisaidii kitu cha maana.

Ukikosa vya kichujio ukaamua kutumia sponji, jifunze kuivaa nyumbani mbele ya kioo. Nawa mikono. Isokote kwa vidole mpaka iwe nyembamba kadiri iwezekanavyo. Pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, ingiza, halafu ishikilie kwa kidole nusu dakika wakati inafutuka. Ikibaki inachungulia nje, haijakaa, na haikulindi.

Usivae vizibo mara ya kwanza siku ya fainali. Sauti yako mwenyewe itavuma kichwani na utapuliza kwa wasiwasi. Vaa kwenye mazoezi wiki mbili, kwenye michezo ya kirafiki, mpaka usahau kwamba umevaa. Kwenye kikao cha waamuzi kabla ya mchezo, waambie wenzako na watu wa mezani wazi: nimeziba masikio, mkinihitaji nyosheni mkono juu. Kwenye kikapu tayari tunaongea kwa ishara, si jambo geni.

Ukipangiwa michezo minne ndani siku moja, omba mmoja ukae mezani au uwanja wa nje. Mwombe anayepanga ratiba mapema, si asubuhi ile. Usiku wa kuamkia mashindano, muziki wa kwenye vipokea sauti upumzishe. Kati ya mchezo na mchezo toka nje, usikae kando ya spika ya mshereheshaji.

Na usipulize sikioni mwa mtu. Kwenye netiboli mara nyingine tunasimama karibu na mabinti wa miaka 13, kipenga kikiwa usawa wa masikio yao. Rudi hatua mbili, geuza uso, ndipo upulize.

Baada ya mchezo, kaa dakika chache mahali palipo kimya usikilize. Ukisikia mlio, au watu wanaongea kama wamefunikwa blanketi, masikio yamezidiwa. Kesho yake usipulize bila vizibo. Mlio ukiendelea zaidi ya siku mbili, rudi kupima na ule mchoro wako mkononi. Sikio moja likizima ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu tiba yake inategemea umewahi kiasi gani.