Kupaka rangi ya kucha nyumbani ikakaa wiki nzima

Wifi yangu alinipigia simu usiku wa kuamkia kicheni pati ya rafiki yake, analalamika kwamba rangi ya kucha aliyonunua Kariakoo ni feki: kila akipaka inajikunja kama utandu juu ya maziwa. Haikuwa feki. Chupa ileile ndiyo tuliyomalizia kazi, na rangi ikakaa. Napaka kucha za watu, na nasema bila kusita: rangi nyingi zinazobanduka siku ya pili zimeponzwa na maji, mafuta au haraka, si bei ya chupa. Hapa naandika kama nilivyomwelekeza yeye, pamoja na yale ambayo usiku ule hatukuwa na muda nayo.

Naongelea rangi ya kawaida, ile inayokauka yenyewe kwa hewa. Jeli ya taa ina mambo yake, na kucha za kubandika sizigusi leo.

Andaa pamba, asetoni, spiriti ya kusafishia vidonda, kijiti cha mbao, tupa ya kioo, besi, rangi yako na topu. Besi ni ile ya kutangulia, topu ni ile ya kufungia. Zote mbili hazina rangi, na ni chupa mbili tofauti. Chupa iliyoandikwa kwamba inafanya kazi zote mbili mimi siinunui. Besi inatakiwa inate, topu inatakiwa iwe ngumu na ing'ae, sasa moja iwe vyote viwili vipi? Tupa za chuma zinazofungashwa na nelikata nazo ziache dukani.

Hatua ya 1: Toa rangi ya zamani

Lowesha pamba kwa asetoni, igandamize juu ya ukucha, hesabu mpaka kumi, kisha vuta kuelekea ncha. Usisugue huku na huku, utaisambaza rangi kwenye ngozi. Yenye vimetameta inataka subira zaidi, na usiibandue kwa kucha za mkono mwingine, kwa sababu inaondoka na tabaka la ukucha wako.

Asetoni inashika moto, na mvuke wake pia. Isifunguliwe karibu na jiko la mkaa, gesi, wala mshumaa umeme ukikatika. Inayeyusha plastiki vilevile, kwa hiyo angalia kitambaa cha meza na kava la simu.

Hatua ya 2: Kata na upige tupa

Najua wengi tumekulia kwenye wembe. Wembe unakata vizuri, lakini unaacha kona kali, na ukiteleza unakata nyama. Kama lazima uwe wembe, uwe wako peke yako. Nelikata inatosha.

Kucha za miguu zikate zinyooke, usizungushe kona, la sivyo zinaingia kwenye nyama ya kidole gumba na viatu vya kubana vinamalizia. Za mikono piga tupa kutoka pembeni kwenda katikati, upande mmoja tu. Ukucha ni matabaka ya keratini yaliyolaliana. Ukipeleka tupa mbele na nyuma kama msumeno, ncha inachanika matabaka, na rangi inaanza kubanduka hapohapo. Piga tupa ukucha ukiwa mkavu.

Hatua ya 3: Ngozi ya shina la ukucha

Isukume, usiikate. Paka mafuta kidogo, ya nazi au Vaseline, subiri dakika chache, kisha sukuma taratibu kwa kijiti kilichofungwa pamba. Ile ngozi nyembamba ni mlango: inazuia vijidudu visiingie mahali ukucha unapozaliwa. Ukiikata na mkasi uliotoka kwa mtu mwingine ndiyo mwanzo wa mdudu wa kidole, na ukiwahi kuumwa mdudu wa kidole usiku mmoja hutahitaji kushawishiwa. Vijingozi vilivyochomoza pembeni vikate kwa nelikata safi, usivivute kwa meno.

Hapa natofautiana na vijana wanaopita mitaani na vikapu vya rangi. Wengi huanza na beseni la maji ya uvuguvugu. Miguu inapendeza kweli, magaga yanalainika, ila ukucha unanyonya maji na kutanuka. Ukipakwa ukiwa umetanuka, baadaye unakauka na kurudi ulivyokuwa, rangi hairudi nao, na pembeni inaachia. Kama unataka kusugua magaga, sugua jana yake. Siku ya kupaka, nawa mikono, ikaushe, halafu kaa kama saa moja kabla ya kufungua chupa.

Hatua ya 4: Ondoa mafuta

Pamba yenye spiriti, kila ukucha, hadi kwenye kona na chini ya ncha. Baada ya hapo usijishike uso wala nywele.

Hatua ya 5: Besi

Tabaka moja jembamba. Ukiiruka, nyekundu na maruni zitakuachia kucha za njano, na ile njano huitoi kwa limau, inabidi ukue. Pitisha brashi na kwenye ukingo wa ncha.

Hatua ya 6: Rangi yenyewe, na kukauka

Wifi alikwama hapa, na ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza elewa kinachotokea. Ndani ya chupa kuna nitroselulosi, ambayo ndiyo inayobaki juu ya ukucha na kuwa ngumu, na kuna viyeyushi, mara nyingi etili asetati na butili asetati, vinavyoifanya iwe majimaji. Kukauka maana yake viyeyushi hivyo vimepaa hewani. Vya juu vinatangulia. Vya chini havina njia ila kupenya tabaka la juu. Ukipaka nene, juu kunafunga wakati chini bado ni kubichi. Vya chini vikisukuma vitoke, unapata mapovu. Ukigusa, utando wa juu unateleza juu ya ule ubichi na kujikunja. Wifi alipaka tabaka moja nene ili limalize kazi mara moja, akakaa chini ya pangaboi iliyofunguliwa namba tano, alipoona imejikunja akapaka nyingine juu yake. Alirudia hivyo mpaka saa tano usiku.

Basi pangaboi izime. Kwenye hili watu hawaniamini, maana mantiki inasema upepo unakausha. Unakausha juu, na juu ndiko hatutaki kufunge mapema. Ukishamaliza tabaka zote, na zote ni nyembamba, upepo wa mbali hauna neno. Kama ni Januari au Februari na uko Dar, Tanga au Mombasa, jua la mchana na jasho la vidole havikusaidii. Paka asubuhi mapema au jua likizama.

Chupa usiitikise. Iviringishe kati ya viganja mpaka rangi ichanganyike, maana kutikisa kunaingiza hewa, na hewa hiyo utaikuta juu ya ukucha. Ukivuta brashi, kamulia upande mmoja wote kwenye mdomo wa chupa. Upande wa pili ubaki na tone dogo. Weka lile tone katikati ya ukucha, mbali kidogo na ngozi ya shina, lisukume nyuma taratibu mpaka libaki nafasi ya unywele tu, halafu vuta hadi ncha. Kisha kushoto, kisha kulia. Mivuto mitatu, basi. Ukiona mchirizi usirudie. Tabaka la kwanza linatakiwa liwe baya, lenye michirizi, ukucha unaonekana kwa chini. Ukirudi kulirekebisha, brashi inaburuza kile kilichoanza kushika, na umeharibu.

Anza na vidole vya mkono unaotumia zaidi, yaani kama unaandika kwa kulia, paka kucha za kulia kwanza kwa mkono wa kushoto, ukiwa bado na utulivu. Lalisha kiganja na kiwiko mezani. Usipakie mapajani huku unaangalia tamthilia. Na usipake kwa tochi ya simu umeme umekatika, kwa sababu mwanga wa upande mmoja unakuficha unene.

Ukimaliza vidole vyote kumi, subiri dakika tano, hewa ikiwa na unyevu mwingi fanya kumi. Kujua kama tayari, gusanisha taratibu kucha mbili zilizopakwa. Zikinatana hata kidogo, subiri tena. Usipime kwa ncha ya kidole. Utaacha alama halafu utailaumu rangi. Tabaka la pili linafunika michirizi. Nyeupe na pinki iliyofifia zinataka la tatu, nalo jembamba vilevile. Matabaka matatu membamba yanakauka upesi kuliko moja nene, na kama huniamini, jaribu kwenye vidole viwili vya mguu.

Rangi ikiwa nzito, ukiinua brashi inavutika nyuzi, usiongeze asetoni. Itakuwa nyepesi leo, kesho itakuwa madongemadonge na haitang'aa. Kuna maji maalumu ya kuzimulia rangi ya kucha. Matone mawili matatu, viringisha, acha kidogo, jaribu. Kama hata hayo hayasaidii, itupe.

Bakuli la maji ya barafu nalo nasikia sana. Baridi inaushikiza uso kwa muda, unadhani imekauka, lakini viyeyushi bado vimo ndani. Utagundua utakapofunga zipu.

Kugusika na kukauka ni vitu viwili. Baada ya robo saa unaweza kushika simu. Kwa kulala, mimi nataka saa kadhaa zipite, la sivyo unaamka na nakshi za khanga kwenye kila ukucha. Ukilala saa nne usiku, uwe umemaliza kupaka saa kumi na mbili jioni. Vyombo vioshwe kabla, watoto wawe wameoga, nenda msalani, na funguo uzitoe mkobani mapema.

Ukibonyea mahali pamoja rangi ikiwa bado laini, lowesha ncha ya kidole kwa asetoni kidogo sana, pigapiga juu ya lile bonde mpaka lisawazike, kisha funika na topu. Ikishajikunja hakuna dawa. Futa ukucha huo wote, spiriti, besi, uanze upya. Juu ya mikunjo hapapakwi kitu.

Iliyogusa ngozi ifute kwa kijiti chenye pamba na asetoni, mwishoni, si katikati ya kazi.

Hatua ya 7: Topu

Tabaka moja, pamoja na ukingo wa ncha. Siku ya tatu ongeza jingine. Hiyo ya siku ya tatu ndiyo inayokufikisha wiki.

Kuilinda

Ukucha si bisibisi. Usifungulie kopo la soda, usikwangulie ukoko wa ugali kwenye sufuria. Kufua kwa mikono na sabuni ya unga kunamaliza rangi kuliko kitu chochote, kwa hiyo glavu za mpira kama unazo. Mafuta ya nazi usiku kuzunguka shina la ukucha, kila siku. Hayo ni bora kuliko chupa ndogo za mafuta ya kucha zinazouzwa bei ya kilo ya nyama.

Kwa anayeswali, rangi hii inazuia maji ya udhu yasifike kwenye ukucha, na kuifuta kwa asetoni kila siku kunakausha kucha vibaya. Ndiyo maana wengi wetu tunaipaka siku ambazo hatuswali, siku nyingine ni hina. Hina inaingia ndani ya ukucha wenyewe, haiweki utando, na haibanduki. Inaondoka kadiri ukucha unavyokua, karibu milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo mkononi ni kama miezi sita mpaka iishe yote. Miguuni ni zaidi ya mwaka. Iwe hina ya majani. Piko nyeusi iliyotengenezwa kwa rangi ya nywele inaweza kuchoma ngozi mpaka malengelenge, hata kama shoga yako ameipaka na hakudhurika.

Ukienda kufanyiwa upasuaji utaambiwa ufute rangi. Usibishane na nesi: kile kifaa wanachobana kidoleni kupima oksijeni kinapitisha mwanga kwenye kidole, na rangi inaweza kuvuruga kipimo.

Utasikia kwamba kucha zinahitaji kupumzika zipumue. Hazipumui, kinachoonekana ni kitu kisicho na uhai, na lishe ya ukucha inakuja kwa damu kutoka chini. Mimi hukaa siku chache bila rangi kwa sababu nyingine, nione kilichopo. Ukucha ukiwa mnene, wa njano na unapukutika, inaweza kuwa fangasi, na kuifunika kwa rangi ni kuichelewesha tiba. Mistari ya kahawia ya wima ni ya kawaida kwa sisi wenye ngozi nyeusi, hasa ikiwa kwenye vidole kadhaa. Mmoja mpya, kwenye kidole kimoja, unaopanuka au unaotia weusi hadi kwenye ngozi, mwonyeshe daktari.

Chupa zako futa mdomo kwa asetoni kabla ya kufunga, uziweke wima kabatini, mbali na dirisha lenye jua. Mdomo ukiganda rangi, kifuniko hakikazi, viyeyushi vinapaa, na baada ya miezi miwili unayo ile nzito ya kuvutika nyuzi.