SOMO: Kukagua banjo kongwe ya nyuzi tano kabla hujatoa hela

Wakuu, leo tunazungumzia banjo za Boston zenye mgongo wazi: Whyte Laydie na Tubaphone. Whyte Laydie ilitolewa na kampuni ya A.C. Fairbanks mwaka 1901. Mwaka 1904 kiwanda kiliungua, kampuni nyingine ya Boston, Vega, ikainunua, na 1909 wakaleta Tubaphone. Baadaye bendi za dansi za Marekani zikahamia banjo za nyuzi nne, ndiyo maana zilizotoka kiwandani na nyuzi tano ni za kutafuta kwa tochi.

Wapigaji wakapata njia: chukua ya nyuzi nne, ng'oa shingo, pachika shingo mpya ya nyuzi tano. Hilo si kosa, na nyingine zinalia vizuri ajabu. Kosa ni kuuziwa hiyo kwa bei ya ile yenye shingo yake ya asili.

Hatua ya 1: Geuza nyuma. Utaona mti mwembamba umekatiza katikati ya duara, yaani fremu ya mviringo inayoshika ngozi. Mti huo umeungana na shingo, kwa hiyo shingo ikibadilishwa kwa kawaida nao huondoka. Tafuta namba iliyogongwa kwenye mti, kisha ile iliyogongwa upande wa ndani wa duara. Lazima zifanane. Angalia pia pale mti unapoingia kwenye kisigino cha shingo, yaani sehemu nene inayokutana na duara: fundi mjanja anaweza kuhamisha mti wa zamani, na gundi mpya huacha mstari. Muuzaji akijaza picha za mbele tupu, mwombe za nyuma. Akianza kuzungusha maneno, achana naye.

Hatua ya 2: Pima shingo. Bonyeza uzi kwenye freti (vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo) ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, uchungulie penye freti ya 7. Mwanya mdogo wa unene wa karatasi hauna shida. Ukiwa mkubwa, jua kwamba ndani ya shingo hizi hakuna chuma cha kukaza kwa ufunguo. Ni kazi ya fundi, na hailipwi kidogo.

Hatua ya 3: Pete ya sauti, yaani chuma cha duara ambacho ngozi imelalia. Chungulia chini ya ngozi. Whyte Laydie ina chuma kilichokatwa mawimbi mawimbi. Tubaphone ina bomba la pembe nne lenye matundu.

Hatua ya 4: Ndoano na nati zinazokaza ngozi. Zikikosekana mbili tatu, punguziwa bei, usikimbie.

Hatua ya 5: Nyuzi. Funga za chuma nyepesi, wa kwanza na wa tano unene wa inchi 0.009 au 0.010. Badilisha mmoja mmoja, maana daraja, kile kipande cha mti kinachoinua nyuzi juu ya ngozi, halijagundishwa; linashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, daraja langu lilidondoka. Nalirudisha wapi?
Pima kutoka juu ya shingo, pale nyuzi zinapoanzia, hadi freti ya 12. Umbali huo huo kutoka freti ya 12 ndipo daraja linakaa. Kisha lisogeze kidogo kidogo hadi noti ya freti ya 12 ilingane na mlio wa uzi ukiugusa tu hapo bila kuubonyeza.

Niko Tanga. Ngozi ya ndama itahimili unyevu wetu?
Itahimili, ila italegea na kukaza kila hali ya hewa ikibadilika, kama ya gambusi. Ukichoka, weka ya plastiki, lakini pima kipenyo kwanza: duara za zamani mara nyingi hazifiki inchi 11 kamili, na ngozi ya saizi ya siku hizi haikai.

Fundi ameniambia aipige msasa na vanishi mpya ing'ae. Nimruhusu?
Hapana, ndugu yangu. Vanishi ya asili ni sehemu ya bei. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi.

Namba zangu hazifanani, lakini mlio nimeupenda. Ninunue?
Kama ni ya kupiga, nunua, kwa bei ya banjo iliyobadilishwa shingo. Mwonyeshe muuzaji namba zote mbili kabla hamjaanza kupatana.