Blade Runner: uanze na toleo lipi, na utalitambuaje ulilo nalo

Mtu akiniambia kaitazama Blade Runner na haikumkolea, simbishii mpaka nijue kaitazama ipi. Filamu hii ya Ridley Scott ilitoka Marekani tarehe 25 Juni 1982, na tangu hapo imekatwa na kuungwa upya mara nyingi kiasi kwamba watu wawili wanaweza kukaa wakaizungumzia, kila mmoja na mwisho wake. Mmoja anakumbuka stelingi akiendesha gari milimani, mpenzi wake pembeni, jua linawaka. Mwingine anakumbuka mlango wa lifti ukifungwa, basi. Na wote hawajadanganya.

Kwa asiyeijua kabisa: tuko Los Angeles ya Novemba 2019, kama watu wa mwaka 1982 walivyoiwazia, mji wa giza usiokauka mvua. Rick Deckard (Harrison Ford) anapewa kazi ya kuwasaka na kuwaua replikanti, yaani watu waliotengenezwa, ambao wametoroka kwenye makoloni ya angani na kurudi duniani kinyume cha sheria. Aina yao, Nexus-6, wameundwa waishi miaka minne tu. Kiongozi wao, Roy Batty (Rutger Hauer), anataka aongezewe maisha. Ukimwambia mgeni zaidi ya hayo unamharibia uhondo. Kwa hiyo kama wewe ndiye huyo mgeni, soma sehemu inayofuata peke yake, nenda katazame, kisha urudi.

Anza na la 2007

Linaitwa Final Cut. Ndilo toleo pekee ambalo Scott aliachiwa kila uamuzi, na limesafishwa picha na sauti. Kabla ya kucheza, ingia kwenye mipangilio ya televisheni uzime ule ulainishaji wa mwendo unaofanya kila filamu ifanane na tamthilia ya jioni. Funga mapazia. Picha za mpiga picha wake, Jordan Cronenweth, zimepigwa kwa giza, moshi na miale ya taa inayopenya dirishani, na chumba chenye mwanga kitakula nusu yake. Sauti nayo usiipunguze, maana muziki wa Vangelis na ile mvua vinafanya kazi ambayo kwenye filamu nyingine hufanywa na maelezo.

Kuna mashabiki wa siku nyingi watakaokwambia uanze na la 1982 ili ufuate historia. Mimi sikubaliani nao, na sababu ni moja: la 1982 lina sauti ya Deckard inayosimulia, na ile sauti inakutafunia kila kitu kabla hujaonja. Ila niwatendee haki. Kama unamtazamisha mtu ambaye filamu ya polepole humpeleka usingizini, usimulizi ule humpa pa kushika, na nimeona watu wakiipenda filamu kwa kupitia mlango huo. Kwa mtu wa namna hiyo, vunja kanuni yangu.

Kutambua ulilo nalo

Hapa ndipo wengi wanapotea. Usihangaike na urefu: la Marekani la 1982 lina kama dakika 117, la 1992 (Director's Cut, yaani toleo la mwongozaji) lina 116, la 2007 linarudi 117. Huwezi kupima kwa saa. Maandishi ya kwenye jalada au ya kwenye orodha ya huduma ya mtandaoni nayo usiyaamini sana. Mimi hukagua sehemu mbili.

Ya kwanza iko mwanzoni. Deckard anasoma gazeti mtaani akingoja nafasi kwenye kibanda cha chakula. Ukimsikia anaongea kichwani mwake kuhusu kazi yake, uko 1982. Ukisikia mvua na kelele za mji tu, bila yeye kusimulia, umeshika la 1992 au la 2007.

Ya pili ni pale Roy anapokutana na Tyrell, aliyemuunda. Anamshika kichwa, anambusu, kisha anamuua. Kama kamera inakwepa na huoni damu machoni, hilo ni la Marekani la 1982, au la 1992 ambalo lilifuata ukataji uleule. Kama unaviona vidole gumba vikizama na damu ikitoka, ni la kimataifa la 1982, yaani lililoonyeshwa nje ya Marekani, au la 2007. Unganisha majibu mawili na umemaliza: usimulizi na damu ni la kimataifa, usimulizi bila damu ni la Marekani, kimya bila damu ni la 1992, kimya na damu ni la 2007.

Kipo pia kipimo cha njiwa, kwa wenye haraka. Roy anapokufa juu ya paa, njiwa anaruka. Katika matoleo ya zamani usiku wa mvua unageuka ghafla kuwa anga la mchana. La 2007 lilirekebisha hilo.

Ilikuwaje zikawa nyingi

Machi 1982 filamu ambayo haijakamilika ilionyeshwa kwa watazamaji wa majaribio huko Denver na Dallas. Hawakuifurahia. Wenye fedha wakataka usimulizi na mwisho wa raha. Zile picha za milimani zinazofungia toleo la 1982 hata hazikupigwa kwa ajili ya filamu hii; ni mabaki ya picha za angani zilizopigwa kwa ajili ya The Shining, filamu ya Stanley Kubrick. Ukishalijua hilo, utaona jinsi ule mwanga usivyofanana na kitu chochote ulichotazama kabla yake.

Ile nakala ya majaribio ikasahaulika mpaka mwaka 1990, ilipoonyeshwa kwenye sinema moja ya Los Angeles kwa watu waliodhani wamekuja kuona toleo walilolizoea. Wakapagawa. Studio ikanusa biashara na kuanza kuitangaza kama toleo la mwongozaji, Scott akalikana hadharani, na mvutano huo ndio uliozaa lile la 1992: usimulizi umeondolewa, milima imeondolewa, na imeingizwa ndoto fupi ya farasi mwenye pembe moja. Lilifanywa kwa haraka na yeye mwenyewe hakuridhika nalo. Kwa maoni yangu la 1992 unaweza kuliruka. Lina heshima kubwa kihistoria, ila kila jema lake limo kwenye la 2007.

Mara ya pili, tazama vipande

Usiitazame filamu nzima mara tano mfululizo, utaichukia. Chukua la 2007 na la kimataifa la 1982, kisha linganisha sehemu chache. Ukipata seti ya diski iliyotoka 2007 yenye matoleo matano, nakala ya majaribio ikiwamo, kazi inakuwa nyepesi.

Anza na kifo cha Zhora, mmoja wa replikanti waliotoroka. Anakimbia akipasua vioo, kavaa koti la mvua la plastiki linaloonyesha mwili. Katika la 1982 simamisha picha popote: anayekimbia si Joanna Cassidy aliyeigiza Zhora, ni mwanamke mwingine wa kuigiza hatari, na wigi linamsaliti. Miaka 25 baadaye Cassidy mwenyewe aliitwa, akapigwa picha akigeuza kichwa kama vile mwili ulivyogeuka, na uso wake ukapandikizwa juu ya ule wa zamani. Wapo wanaosema makosa ya zamani yana utamu wake. Hapa sina huruma nao. Kifo kile kinapaswa kuuma, na wigi linachekesha.

Nenda kwa muuza nyoka. Zamani midomo ya Deckard ilikuwa inasema mambo yake na sauti inasema mengine. Walipotaka kulitibu, walimpiga picha Ben Ford, mtoto wa Harrison, wakachukua mdomo wake. Tafuta pia pale Roy anapoonekana kwa mara ya kwanza: picha ile iliazimwa kutoka kwenye tukio lake na Tyrell, na katika la 1982 kuna kidole gumba kimekaa begani mwake kisichojulikana kimetoka wapi. Ni cha Tyrell. La 2007 limekifuta.

Msikilize na mkubwa wa polisi, Bryant, akimpa Deckard kazi. Katika la 1982 anasema waliotoroka ni sita na mmoja kaungua. Wamebaki watano, lakini filamu nzima tunaona wanne. Replikanti aliyekosekana aliandikwa kwenye mswada kisha akaondolewa, na hesabu ikabaki mbovu. Kwa miaka mashabiki walishikilia kwamba aliyebaki ni Deckard mwenyewe. La 2007 linasema wameungua wawili, na nadharia hiyo ikafa kwa neno moja.

Halafu paa. Hili litazame mara tatu ukiweza. Roy anasema maneno yake ya mwisho, ambayo Hauer mwenyewe aliyapunguza na kuyaongezea ule mstari wa machozi ndani ya mvua, kisha anainamisha kichwa. Katika nakala ya majaribio Deckard anasimulia jinsi alivyokaa usiku kucha akimtazama anavyokufa taratibu. Katika la 1982 anaeleza kwa nini pengine Roy alimwacha hai. Katika la 2007 hasemi kitu, anapepesa macho tu mvuani. Weka moja baada ya jingine na hutahitaji mtu akueleze kwa nini mashabiki walipigania kimya kile miaka yote.

Swali lenyewe

Gaff, yule polisi anayekunja vijikaratasi, anaacha farasi wa pembe moja sakafuni nje ya mlango wa Deckard. Katika la 1982 karatasi hiyo ina maana rahisi: Gaff alifika, akamwona Rachael, yule replikanti mpenzi wa Deckard, akamwacha. Katika la 2007 sisi tumeshaiona ndoto ya Deckard, na farasi huyohuyo yumo. Ndiyo maana nasisitiza kuanza na hili. Ukianza na la 1982 karatasi inakuwa imeshajibiwa, na jibu likishaingia halitoki.

Kwa hiyo kama unamtazamisha mwenzako, taa zikiwaka usimwage mtama. Muulize tu: Gaff alijuaje? Kisha nyamaza. Akikwama mkumbushe kwamba kumbukumbu za Rachael zilipandikizwa, na kwamba Deckard alizijua kabla hajaambiwa na Rachael mwenyewe.

Scott amesema mara nyingi kwamba Deckard ni replikanti. Ford kwa miaka mingi alishikilia kuwa ni binadamu, maana mtazamaji anahitaji mtu mmoja wa upande wake. Mimi niko na Ford, kwa sababu binadamu aliyepoa kiasi kile akiokolewa na mashine yenye uchu wa kuishi ni hadithi kubwa zaidi. Wenzangu wengi hawataki hata kulisikia hilo. Blade Runner 2049 ya mwaka 2017 itazameni baada ya ubishi huu, maana ilikataa makusudi kuumaliza. Na mkiona hoja zimeisha, rudisheni filamu nyumbani kwa Deckard, pale Rachael anapomuuliza kama akitoroka kwenda kaskazini atamwinda. Simamisheni picha Deckard akiwa nyuma yake, ukunguni, na mtazame macho yake yanavyong'aa. Halafu endeleeni.